Kalamu katika Nchi ya Simiyu: Tarikhi ya Vijana wa Bariadi na Usomaji wa Kiswahili

Katika nchi ile inyooshayo mkono wake hadi Ghuba ya Speke na kupakana na mbuga za Serengeti, ambayo tangu Machi 2012 imeitwa Mkoa wa Simiyu na kupewa Bariadi kuwa makao yake makuu, mtoto huanza kusema kwa Kisukuma, huchunga ng'ombe kwa Kisukuma, na nyimbo azisikiazo baada ya mavuno aghalabu ni za Kisukuma. Nacho Kiswahili, kilicho lugha ya taifa lake na ya vitabu vyake, hukabiliana nacho kwa uzito wake wote siku anapoketi mbele ya ubao wa shule. Kwa hiyo swali la namna ya kumpendezesha kijana kusoma na kuandika katika lugha asiyozaliwa nayo, swali limsumbualo mwalimu wa Kihispania katika miji ya Marekani kama limsumbuavyo mwalimu wa Kifaransa katika Dar es Salaam, si geni Bariadi wala si la jana. Limeulizwa huko kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yake yamo katika tarikhi ya nchi yenyewe, kwa yule atakayekubali kuitafuta.

Muradi wa makala hii ni kuonyesha kwamba, katika kila zama vijana wa nchi hii waliposhika kalamu kwa shauku, palikuwapo mtu aliyekuwa akiyangoja maandishi yao: mzazi mwenye mwana ugenini, mkulima mbele ya mizani ya pamba, mhariri wa gazeti, au mzee aliyetaka kufundishwa herufi, na kwamba shauku hiyo ilipopungua, sababu kubwa haikuwa uvivu wa vijana bali kuondoka kwa yule aliyekuwa akingoja.

Kiswahili kilifika Usukumani kabla ya shule. Wasukuma, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya kumi na tisa, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, na pamoja na bidhaa hizo wakarudi na lugha ya njia. Lakini lugha ile ilikuwa ya masikio na ulimi, na waraka ulikuwa jambo la wafanyabiashara wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa Ntuzu au wa Kanadi, katika nchi hii hii, aliyemwona mtu akiitazama karatasi na kutamka maneno ya mtu aliye mbali, aliiona elimu ile kuwa mali ya wageni, wala hakuwa na njia ya kuifikia.

Njia ilifunguliwa kwanza ufukoni mwa ziwa, mahali paitwapo Nassa, ambapo leo ni katika Wilaya ya Busega. Hapo wamisionari wa Church Missionary Society waliweka kituo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mwaka 1909 kituo kikapokewa na Africa Inland Mission. Desturi ya misheni zile ilikuwa moja: atakaye kubatizwa sharti ajue kusoma, na Maandiko yakafasiriwa kwa Kisukuma ili msomaji aanze na lugha ya nyumbani kwao. Si haba kufikiri juu ya utaratibu huo, maana waliofundishwa hapo hawakuwa watoto wadogo peke yao, bali pia vijana waliokwisha kubaleghe, wenye akili ya kuuliza, nao walipewa maandishi yaliyohusu jambo kubwa kuliko yote katika mioyo yao. Mwanafunzi wa Nassa akirudi kwao jioni na kitabu kidogo, aliombwa na jamaa zake asome kwa sauti, na kwa kusoma kwake akawa mtu wa kutazamwa katika kaya.

Serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na kituo chake Mwanza tangu mwaka 1890, ilichagua Kiswahili kuwa lugha ya utawala, na Waingereza walioishika nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliuthibitisha uchaguzi huo. Zama hizo Bariadi haikuwa wilaya, bali ilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, na nchi iligawanyika katika himaya za watemi. Ilipotoka sheria ya mwaka 1926 iliyowapa watemi mamlaka ya mabaraza na hazina zao, kila baraza lilihitaji karani wa kuandika kesi, faini, kodi na hesabu za mifugo, na kazi hiyo ikafanywa kwa Kiswahili. Hivyo shule ikapata maana iliyoonekana kwa macho. Wazazi wengi, waliokuwa wakisita kumtoa kijana machungani kwa ajili ya jambo wasilolijua faida yake, walimwona sasa mtoto wa jirani ameketi karibu na mtemi, kitabu cha baraza mbele yake, na wazee wakisubiri amalize sentensi yake ndipo waendelee na maneno yao.

Ni katika miaka hiyo pia lilipozaliwa gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu kuanzia Januari 1923, nalo likafika katika shule na mabaraza ya bara kama lilivyofika pwani. Fadhila ya Mambo Leo haikuwa habari zake tu. Gazeti lile lilipokea nyaraka na mashairi ya wasomaji, likachapa majina yao na mahali walikotoka, hata mwalimu wa kijijini au karani wa barazani aliyekuwa hajapata kuiona bahari aliweza kujibizana na malenga wa Tanga. Shaaban Robert mwenyewe, kabla vitabu vyake havijaenea, alipeleka tungo zake huko. Kwa kijana aliyekuwa akijifunza Kiswahili darasani, haikuwa jambo dogo kujua kwamba sentensi iliyonyooka yaweza kusafiri kutoka Maswa hadi Dar es Salaam na kurudi ikiwa imechapwa.

Vitabu navyo vilikuja. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alitoa tafsiri za Mashimo ya Mfalme Suleimani na Kisiwa Chenye Hazina, na kabla ya hapo kilikuwapo Kibaraka, mkusanyo wa hadithi za Unguja. Vilisomwa na kurudiwa mpaka majalada yakachakaa, kwa kuwa vilikuwa na safari, hatari, hila na hazina, mambo yale yale ambayo kijana Msukuma alikuwa ameyazoea katika ngano za bibi yake penye moto wa jioni. Waliochagua vitabu hivyo walielewa kwamba msomaji wa miaka 14 huvumilia neno gumu pindi anapotaka kujua lililompata msafiri katika ukurasa unaofuata, na kwamba bila hamu hiyo hata neno jepesi humchosha.

Hata hivyo shule yenye nguvu kuliko zote katika nchi ya pamba ilikuwa mizani. Tangu zao hilo lilipoenea Usukumani, mkulima alipeleka marobota yake kwa mnunuzi, akasomewa uzito asioweza kuuhakikisha, na akapokea fedha kwa hesabu asiyoijua. Na manung'uniko yakawa mengi. Katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia wakulima walianza kuwaajiri watu wao wenyewe waliosoma, wasimame kando ya mizani, waandike uzito katika daftari na kumwambia mwenye pamba ukweli wake. Kutoka katika juhudi hizo na nyingine za namna hiyo, Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo ilikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kila chama cha msingi kilitaka katibu, mtunza hazina na karani wa mizani; kila mkutano ulitaka kumbukumbu zilizoandikwa; na vijana waliotoka darasa la nne au shule ya kati waliitwa kushika kazi hizo. Kosa moja la kuandika liliweza kumpotezea mjane jasho la msimu mzima, na kijana aliyelijua hilo hakuhitaji kukumbushwa na mwalimu kwamba uandishi wake uwe safi.

Pamoja na mizani ilikuwapo barua. Wanaume wa nchi hii walikwenda kufanya kazi Mwanza, katika mgodi wa almasi wa Mwadui na katika mashamba ya mkonge ya mbali, na aliyebaki nyumbani hakuwa na njia ya kumfikia ila kwa mkono wa mwanafunzi. Jioni mzazi alimwita kijana wa shule, akampa kiti na kumwambia maneno yake kwa Kisukuma, na kijana akayaandika kwa Kiswahili, akianza na salamu ndefu za adabu, akitaja hali ya mvua, afya ya ng'ombe na majina ya waliozaliwa na waliofariki, mpaka akalifikia lile jambo lililomfanya mzazi atake kuandika. Hiyo ilikuwa kazi ya kufasiri, ya kufupisha, ya kuchagua neno la heshima na ya kuficha siri za watu, yote kwa pamoja. Na wengi walioifanya wakiwa na miaka 13 au 15 walijifunza humo kuliko katika mazoezi ya daftari. Jibu lilipokuja, yeye huyo ndiye aliyelisoma, na machozi au vicheko vya waliomzunguka vikamfundisha nguvu ya maneno yaliyopangwa vema.

Siasa nayo iliongeza uzito wa karatasi. Tangu mwisho wa mwaka 1954 hadi 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi zake Usukumani, na maadamu mikutano ilikatazwa, habari zilipita kwa njia nyingine, magazeti yakiwa mojawapo. Mwenye gazeti moja aliyejua kusoma alizungukwa na watu kadhaa wasiojua, naye, aghalabu kijana kuliko wote waliokuwapo, ndiye aliyekuwa sauti yao.

Lakini itakuwa dhuluma kuandika kana kwamba ufasaha uliletwa Usukumani na shule. Nchi hii ilikuwa na chuo chake cha maneno kabla ya ubao na chaki. Vijana walilima kwa zamu katika vikundi chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, wakiimba huku majembe yakipanda na kushuka. Na baada ya mavuno vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake yarudishwa kwa mafundi wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha, vilishindana hadharani, kila upande na mtunzi wake, na ushindi ukaenda kwa aliyevuta watu wengi zaidi. Mtunzi wa mashindano hayo hakuweza kusema maneno baridi. Alisifu, alikejeli, alitaja mambo ya mwaka ule, na hukumu ilitolewa papo hapo kwa miguu ya watazamaji. Mwalimu aliyefika Maswa au Bariadi na kudhani kwamba anawakuta vijana wasio na fani ya lugha alikosea sana. Walikuwa nayo tele, ila katika lugha yao na bila wino.

Walimu wenye busara waliliona hilo, hasa baada ya Mathias Mnyampala kueneza ngonjera, mashairi ya kujibizana, ambayo vitabu vyake vilitoka mwaka 1970 na 1971 na ambayo shule za nchi nzima ziliyapokea kwa furaha. Katika nchi ya Bagika na Bagalu fani hiyo ilikuta shamba lililokwisha kulimwa. Wanafunzi walisimama pande mbili, huyu mkulima na yule mzururaji, huyu msomi na yule mjinga, wakajibizana kwa Kiswahili chenye vina mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Na ili mtu aweze kumjibu mwenziwe ilimbidi ayaandike maneno yake, ayapime mizani, ayafute na kuyaandika tena. Wazazi wasioelewa kila neno walielewa ushindani, nao walishangilia.

Uhuru ulipofika, na hasa baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, mambo hayo yote yalikusanywa katika juhudi moja kubwa. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa ya Ziwa mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, nao ukaenea hadi Shinyanga, ambayo Bariadi na Maswa zilikuwa sehemu yake. Vitabu vyake havikuanza na sentensi zisizo na mwenyewe, bali vilihusu kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumbani, ili mtu asome leo jambo atakalolifanya kesho. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu za taifa zaonyesha matunda yake: wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa wapata asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1970, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Katika hesabu hizo lipo jambo ambalo wanahistoria hulitaja kwa haraka, nalo lastahili kutazamwa kwa utuvu. Walimu wa serikali hawakutosha, kwa hiyo madarasa mengi ya watu wazima yalishikwa na walimu wa kujitolea, na wengi wao walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Kijana aliyekuwa jana akisahihishwa alisimama leo mbele ya baba yake mdogo na shangazi yake, chini ya mwembe au katika chumba cha shule saa za alasiri, akiwashika mikono waandike majina yao. Ili afundishe ilimlazimu asome usiku. Ili aeleze somo la mbolea kwa Kisukuma ilimlazimu alielewe kwa Kiswahili. Na ili asiaibike mbele ya wakubwa ilimlazimu aandike ubaoni kwa hati nzuri. Magazeti ya vijijini, mojawapo likiwa Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa, na maktaba za vijiji vilianzishwa ili waliojua kusoma wasisahau. Watu walipokusanywa vijijini katikati ya miaka ya 1970, na Azimio la Musoma la 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, watoto wa nchi hii walijaa madarasani kwa idadi isiyopata kuonekana kabla.

Kanda ya Ziwa ilitoa pia waandishi wake. Ng'ambo ya ghuba, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikuwa amemaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akakaa nayo miaka mingi bila mchapaji, mpaka alipoifasiri mwenyewe kwa Kiswahili na ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, kisa cha msichana wa shule, nacho kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kukubaliwa kuwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi yetu. Vijana wa shule walikitafuta kitabu hicho na kukipokezana, kwa kuwa walijiona humo wao wenyewe, na hofu zao, na wazazi wao, na walimu wao. Mwenye kutaka kujua ni kitabu gani kitamshika kijana wa miaka 16 na aitazame sababu hiyo.

Miaka ya 1980 ilileta dhiki. Uchumi uliyumba, karatasi ikawa adimu, vitabu vikakosa wachapaji, maktaba za vijiji zikafungwa, na kisomo kikapoa. Shule za msingi zilipata uhai mpya kwa mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, na sekondari za kata zikaenea kwa MMES kuanzia 2004, hata kijana wa wilaya za Itilima au Meatu asiyeweza zamani kuota sekondari akaiona kwa mguu kutoka kwao; na mwaka 2016 ada zikaondolewa katika elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Hayo ni mafanikio makubwa, wala hapana mwenye haki ya kuyadharau. Lakini katika wingi huo uandishi wa mwanafunzi ulibadilika mwelekeo. Insha huandikwa sasa kwa ajili ya mtihani. Vitabu vya fasihi kama Takadini, Ngoswe na Wasakatonge husomwa kwa kukariri dhamira na majina ya wahusika kutoka katika vitini. Na daftari hufungwa mara tu alama zinapotolewa. Simu nayo imeondoa barua, na mzazi hamwiti tena mwanafunzi jioni amwandikie waraka.

Juhudi nyingine zimeanza, nazo zataka kutiwa nguvu. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliotambua kwamba mtoto asemaye Kisukuma nyumbani huhitaji kuandaliwa kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza ili Kiswahili kisimtishe. Mkoa umekusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani katika kambi za kitaaluma, na vijana wa Maswa wakaanzisha kiwanda cha chaki, hata sehemu ya ubao wa Simiyu ikaandikwa kwa kazi ya mikono ya vijana wa Simiyu. Watu wa mkoa huo, waliohesabiwa kuwa 2,140,497 katika sensa ya 2022, ni wengi wa kutosha kuwa na wasomaji wao, waandishi wao na magazeti yao.

Basi mwalimu wa Kiswahili wa Bariadi asiende mbali kutafuta mbinu. Na ampe mwanafunzi wake mtu wa kumwandikia. Kijana aandike kwa Kiswahili wimbo alioimbiwa na babu yake wa chama cha ngoma, kisha akamsomee babu yule na kumwuliza kama maana imesalimika. Darasa litoe gazeti la ukutani, na lisomwe na shule nzima. Msimu wa pamba ufikapo, wanafunzi wawasomee wazazi matangazo ya bei na taarifa za AMCOS, chama chao cha ushirika, na waandike maswali ya wakulima kwa viongozi wa ushirika. Siku za maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Nyakabindi vipokee ngonjera zilizotungwa na wanafunzi wenyewe. Na mwalimu akikutana na r na l zilizobadilishana mahali, kosa lililo la kawaida kwa msemaji wa Kisukuma, na alisahihishe baada ya kuyasoma maneno yote na kuyajibu kama msomaji, maana mwandishi asiyejibiwa huacha kuandika. Serikali na halmashauri, kwa upande wao, zirudishe maktaba za vijiji na kuzijaza vitabu vya safari, vya mapenzi, vya hatari na vya kicheko pamoja na vile vya mtihani. Haya yote yalikwisha kufanywa katika nchi hii na watu waliokuwa na fedha haba kuliko sisi, na vijana wao wakasoma.